Profesa anafundisha kwa lugha isiyo na ajira: anatafiti nini hasa?

SWALI

Shikamoo Mwalimu. Nasoma sayansi ya kompyuta mwaka wa kwanza, niko Mbeya. Tumepata profesa aliyesomea Marekani. Siku ya kwanza alijitambulisha kwamba anapenda kufundisha wanaoanza, na kwamba utafiti wake ni lugha za programu. Basi anatufundisha kwa Racket, lugha iliyojaa mabano, ambayo sijaiona kwenye tangazo hata moja la kazi. Python nilishajifunza mwenyewe kwa simu kabla ya kuja chuo, na rafiki zangu wa vyuo vingine wanaendelea nayo. Naomba kuuliza: lugha za kompyuta zimeshajaa, yeye bado anatafiti nini? Na je, hatupotezei muda? Nauliza kwa nia njema, maana nimeanza kufikiria kumwomba anisimamie mradi wa mwaka wa mwisho.

JIBU

Marahaba, mwanangu. Umeuliza kwa adabu jambo ambalo wenzako wanalinung'unikia viti vya nyuma. Hata mimi nililinung'unikia enzi zangu, ila kwetu lugha ya kulalamikiwa ilikuwa Pascal. Nitaanza na hiyo Python yako, kwa sababu utafiti wa profesa wako unaanzia hapo hapo.

Tuseme unaandika programu ya duka. Unamwuliza muuzaji bei ya kilo ya sukari kwa input, amri ya Python ya kupokea kinachobonyezwa, naye anaandika 3000. Mteja anataka kilo mbili. Unaandika bei * 2 ukitegemea kuona 6000. Python inakutolea 30003000. Milioni thelathini na elfu tatu kwa kilo mbili za sukari! Sababu ni kwamba input hukupa herufi, hata kama muuzaji alibonyeza tarakimu tupu, na kwa Python kuzidisha herufi kwa 2 ni kuzirudia mara mbili. Programu haikuanguka wala haikukuonya. Ilijibu bila wasiwasi wowote, ikajibu upuuzi. Sasa fanya na kilo nazo ziingie kwa input. Safari hii inagoma, na inakwambia kwa Kiingereza kwamba haiwezi kuzidisha "mfuatano" kwa kitu kisicho namba kamili. JavaScript, lugha ya kurasa za mtandao, nayo ina vituko vyake: "5" kujumlisha 5 ni "55", lakini "5" kutoa 5 ni 0.

Mtu mwingine angesema mwanafunzi kakosea, arudi akasome. Mtafiti wa lugha za programu hulitazama kosa lile lile akauliza mengine. Nani aliamua kwamba kuzidisha herufi kuwe na maana? Kosa hili lingeweza kukamatwa lini: kabla programu haijaendeshwa, wakati inaendeshwa, au baada ya mteja kudaiwa milioni thelathini? Likikamatwa, aliyekosea aambiwe nini, kwa maneno gani? Na je, kuna njia ya kuthibitisha kihesabu kwamba kosa la namna hii halitatokea kamwe katika lugha fulani? Sehemu kubwa ya fani yao imo humo. Kutunga lugha mpya ni kipande kidogo tu, na wengi wao hawajawahi kutunga lugha iliyotumiwa na mtu nje ya maabara yao.

Profesa wako simjui, kwa hiyo sitamsemea. Ila najua kazi ya mtu ambaye Racket ilitoka katika kundi lake, na nikikueleza yeye utamwelewa wa kwenu. Anaitwa Matthias Felleisen. Alipata udaktari wake mwaka 1987 Chuo Kikuu cha Indiana, chini ya Daniel Friedman, akaenda kufundisha Chuo Kikuu cha Rice, Houston, na mwaka 2001 akahamia Chuo Kikuu cha Northeastern, Boston. Ukimwondolea ufundishaji huwezi kuueleza utafiti wake, na ukimwondolea utafiti huwezi kueleza kwa nini anafundisha vile.

Anza na hilo swali lako la "lugha zimeshajaa". Wapo wanaolijibu kwa mkato: lugha zote ni sawa, kinachoandikika kwa moja kitaandikika kwa nyingine. Kihesabu ni kweli. Lakini kila aliyewahi kuandika programu mbili anajua si kweli hivyo. Mwaka 1991 Felleisen alichapisha makala iliyotafuta kipimo cha hiyo tofauti, na wazo lake naweza kukueleza vizuri zaidi kwa Kiswahili kuliko kwa Kiingereza. Chukua sentensi "kalamu yangu moja nzuri imepotea". Badilisha kalamu uweke peni: "peni yangu moja nzuri imepotea". Umegusa neno moja, mengine yametulia. Sasa toa kalamu uweke kitabu: "kitabu changu kimoja kizuri kimepotea". Umebadilisha neno moja, sentensi nzima imelazimika kubadilika, kwa sababu ngeli imebadilika.

Basi vipengele vya lugha za programu viko hivyo. Kuna vile unavyoweza kuviondoa mahali vilipo, ukaweka maandishi mengine pale pale, na programu iliyobaki isijue kwamba kuna kilichotokea. Kitanzi cha for, yaani amri ya kurudia jambo, kikigeuzwa kuwa while, amri nyingine ya kurudia, ni kalamu na peni. Hicho hakiongezi nguvu mpya, kinapunguza tu kuandika. Na kuna vingine ukiviondoa unalazimika kupanga upya programu nzima, kama kitabu kilivyoilazimisha sentensi. Fikiria fankisheni, yaani vipande vya programu vyenye majina, kumi zinazoitana moja ndani ya nyingine, na uwezo wa kuruka kutoka ndani kabisa ya ile ya kumi mpaka nje wakati mambo yameharibika. Lugha isipokuwa nao, itakubidi uzifungue zote kumi na kuingiza katika kila moja habari ya "huku ndani kumeharibika". Kipengele cha namna hiyo kinaongeza nguvu ya kweli. Tangu makala ile, mtu akikwambia lugha yake inaeleza zaidi kuliko yako, unaweza kumdai uthibitisho. Nimekaa kidogo hapa kwa makusudi, kwa kuwa wanafunzi wengi wanamaliza chuo wakidhani ubora wa lugha ni jambo la ladha, kama chai ya rangi na chai ya maziwa.

Kazi yake nyingine ya nadharia ni ya mwaka 1994, pamoja na Andrew Wright. Robin Milner wa Edinburgh alikuwa ameshaonyesha mwaka 1978 kwamba inawezekana lugha kukagua aina za data (hiki ni namba, kile ni herufi) kabla ya kuendesha programu, na programu iliyopita ukaguzi isipotoke njiani. Wright na Felleisen walileta njia nyepesi ya kuthibitisha hilo, yenye nguzo mbili: programu iliyokaguliwa ama imemaliza ama inaweza kupiga hatua nyingine, na kila hatua inayopigwa inaiacha aina yake ilivyo. Ukifika mwaka wa tatu utakutana nayo, haijalishi unasoma nchi gani.

Sasa tuingie darasani. Mwaka 1995 huyu Felleisen, mtu wa uthibitisho wa kihesabu, alianzisha na wanafunzi wake mradi wa kufundisha programu kwa wanaoanza, vyuoni na hata sekondari, kwa lugha ya Scheme, mama yake Racket. Kwa nini mabano? Kwa sababu sarufi yake inafundishika kwa muda mfupi sana: fungua bano, taja kitendo, taja vinavyotendewa, funga bano. Baada ya hapo muda unabaki wa kufundisha kufikiri. Wazo lilikuwa zuri, wanafunzi wakalitia majaribuni.

Mwanafunzi aliyezoea hisabati za shule anaandika f(x), si (f x). Kwenye Scheme kamili, maandishi yale hayakatazwi moja kwa moja. Kompyuta inaona f peke yake, halafu inaona bano lenye x na kudhani x ndicho kitendo. Inatoa malalamiko kuhusu jambo ambalo mwanafunzi hakulikusudia wala hajawahi kufundishwa. Lugha ya wakubwa, unaona, ina maneno mengi halali kiasi kwamba kosa la mtoto huangukia kuwa sentensi halali ya kitu kingine.

Dawa waliyopata ni kuikata lugha vipande. Ndiyo maana profesa wako anawaambia mchague kiwango cha wanaoanza kwenye menyu ya DrRacket, ile programu mnayoandikia Racket. Ile si mapambo. Kila kiwango ni lugha ndogo kamili, yenye ujumbe wake wa makosa ulioandikwa kwa mtu anayejua yaliyofundishwa mpaka wiki hiyo tu. Ukiandika f(x) pale, unaambiwa kwamba hakuna bano la kufungua kabla ya jina la fankisheni yako. Wazo hilo limeendelea kuzaa. Felienne Hermans wa Uholanzi alitoa Hedy mwaka 2020, lugha ya kufundishia inayopanda ngazi kwa ngazi mpaka mtoto anajikuta anaandika Python, na maneno yake ya msingi yanaweza kuwa ya Kiarabu badala ya Kiingereza.

Pamoja na viwango, Felleisen na wenzake walikuja na utaratibu wa kuandika, ambao nahisi ndio unaowachosha zaidi. Kabla ya msimbo, andika fankisheni inapokea nini na inatoa nini. Kisha sentensi moja ya kusudi. Kisha mifano, na majibu yake uyapate kwa kichwa. Ndipo uandike ndani, halafu mifano ile ile ikageuka majaribio. Kwa duka letu utaandika kwamba jumla inapokea namba mbili na kutoa namba. Mfano, 3000 na 2 inatoa 6000. Unaona linalotokea? Neno "namba" ukishaliandika kwa mkono wako, unalazimika kujiuliza mlangoni: hiki alichobonyeza muuzaji ni namba, au ni herufi zinazofanana na namba? Ukijiuliza hivyo mapema, ile milioni thelathini haizaliwi.

Na hapa ndipo ufundishaji ulipogeuka utafiti, sehemu ninayoipenda kuliko zote. Sentensi ile ya "inapokea namba, inatoa namba" kwa mwanafunzi ni maelezo tu. Je, kompyuta yenyewe inaweza kuisimamia? Kwa namba ni rahisi, unapima mlangoni. Lakini fankisheni inaweza kukabidhiwa fankisheni nyingine, na hapo ndipo pagumu. Ukiletewa mfuko wa unga unaupima papo hapo. Ukiletewa fundi, utampima vipi mlangoni? Lazima usubiri ajenge. Ukuta ukianguka wiki tatu baadaye, wa kulaumiwa ni nani: fundi, aliyekuletea fundi, au wewe uliyempa saruji pungufu? Mwaka 2002 Robert Findler na Felleisen walitoa jibu: mkataba unasafiri na fankisheni kokote inakokwenda, na kila upande wa makubaliano unabeba jina la mwenyewe. Ukivunjika, kompyuta haisemi tu kwamba kuna kosa, inamtaja aliyevunja. Kama umewahi kufanya kazi ya kikundi ukaona kila mtu anasema "kwangu inafanya kazi", utajua thamani ya hilo.

Kutoka mikataba wakaenda mbele. Programu zao wenyewe zilikuwa zimekua sana bila ukaguzi wa aina, na kuziandika upya zote haiwezekani. Kuanzia mwaka 2006 Sam Tobin-Hochstadt na Felleisen wakafanyia kazi njia ya kuhamisha programu kipande kwa kipande: faili hili limekaguliwa aina zake, lile bado, na mpakani kati yao mkataba unalinda. Mwaka huo huo Jeremy Siek na Walid Taha nao walichapisha wazo la jamaa yake. Mwaka 2012 Microsoft ikatoa TypeScript, yaani JavaScript iliyoongezewa aina, na mwaka 2015 Python 3.5 ikaja na njia rasmi ya kuandika aina. Zote mbili zinakuruhusu kuongeza aina kidogo kidogo kwenye msimbo uliokwishakuwepo. Sisemi walinakili. Nasema tatizo lilikuwa moja, na hawa walilitazama mapema wakijua ugumu wake uko wapi. Hata hivyo TypeScript ikishamaliza kukagua huziondoa aina zote na kuiacha programu iendeshwe bila mlinzi mpakani, na huo ni uamuzi ambao watu wa Racket waliukataa.

Kukataa kuna bei. Mwaka 2016 Felleisen na wenzake walichukua programu kadhaa, wakapima kila mchanganyiko wa faili zenye aina na zisizo na aina, na wakakuta baadhi ya michanganyiko inaendeshwa polepole zaidi ya mara 100, kwa sababu ya ulinzi wa mpakani. Wakachapisha, na kichwa cha makala kikauliza waziwazi kama wazo lenyewe limekufa. Mtu kuchapisha dosari ya kazi aliyoijenga miaka kumi si jambo dogo. Nimekaa kwenye vikao vya kutetea tasnifu ambako dosari ya namna hiyo ingefichwa kwenye kiambatisho cha mwisho.

Jambo moja zaidi linalotuhusu sisi moja kwa moja. Mwaka 2011 Guillaume Marceau, Kathi Fisler na Shriram Krishnamurthi walichunguza wanafunzi wanaoanza wakitumia hizo lugha ndogo zenye ujumbe uliotungwa kwa uangalifu. Wakakuta wengi hawajui maneno yaliyomo ndani ya ujumbe, hata yale yanayotajwa darasani kila siku. Na hao walikuwa wanafunzi wa Marekani, wanasoma kwa Kiingereza. Niliposoma makala hiyo nilijaribu kwangu: niliwapa wanafunzi maneno manne ya kwenye ujumbe wa makosa, nikawaomba waandike maana kwa Kiswahili. Mmoja akaandika argument ni mabishano, string ni kamba, body ni mwili, expression ni sura ya mtu anapokasirika. Kiingereza chake hakikuwa na tatizo lolote. Kompyuta ndiyo iliyochukua maneno ya watu ikayapa maana nyingine bila kuwaambia: kwake string ni zile herufi za duka letu.

Sasa ajira. Hapa sitamtetea profesa wako moja kwa moja. Hakuna anayekuajiri Dar es Salaam kwa sababu unajua Racket, na mwalimu anayefundisha lugha ya namna hii bila kuwaambia wanafunzi sababu anawakosea. Pia akiwaacha humo mwaka mzima bila kuwaonyesha jinsi utaratibu ule unavyoandikwa kwa Python au Java, mtakuwa kama mtu aliyejifunza kuogelea kwenye beseni. Muhula mmoja unatosha, kwa maoni yangu, na wa pili uwe wa kuvuka. Mwulizeni atavuka lini. Ni swali halali.

Ila usipime muda kwa matangazo ya kazi ya mwaka huu. Nilipoanza mimi, matangazo yalitaka vitu ambavyo leo ukivitaja vijana wanacheka. Na zana utakazozikuta kazini zinaendelea kupokea mambo kutoka kwa watu wa aina ya profesa wako: zile alama za aina unazoandika kwenye Java, kama List<String>, ziliingia mwaka 2004 zikitokana na kazi ya Philip Wadler, Martin Odersky na wenzao, na Odersky ni profesa. Fankisheni zisizo na jina ziliingia Java mwaka 2014. Kwa Scheme zipo tangu lugha hiyo ilipozaliwa chuo cha MIT, Marekani, mwaka 1975. Anayezikuta mara ya kwanza kwenye Java anazikariri. Aliyezizoea kwa mabano anaziona akasema kumbe ni zile zile.

Kuhusu usimamizi, ushauri wangu ni umwombe, lakini usiende mikono mitupu ukamwambie "Profesa, nipe mada". Nunua daftari dogo. Kwa wiki mbili, kila DrRacket au Python inapokupa ujumbe wa kosa usioeleweka, andika vitu vitatu: ulichokusudia, ulichoandika, na maneno kamili ya ujumbe. Waombe na wenzako watatu wafanye hivyo, hasa wale wanaonung'unika. Kisha kaa na daftari uandike pembeni ya kila ujumbe jinsi ungemweleza rafiki yako kwa Kiswahili, bila kutafsiri neno kwa neno. Utashangaa mara ngapi utakwama, kwa kuwa hatuna neno tulilokubaliana, au tunalo na linadanganya kama lile la kamba.

Peleka daftari hilo ofisini kwake. Kama kweli utafiti wake ni huo aliojitambulisha nao, atalichukua aanze kulisoma mbele yako, na hutakuwa na haja ya kumwomba mara mbili.